Kipaji Bila Mechi: Funzo la Kriketi ya Kenya kwa Katavi

Mchezaji hufika kileleni kwa mambo mawili yanayotegemeana, yaani uwezo wake mwenyewe na mfululizo wa mechi ngumu unaoukuza uwezo huo mwaka hadi mwaka. La pili likikosekana, la kwanza hudhoofika hata kama juhudi haijapungua. Mkoa wa Katavi nchini Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambako soka ndiyo inayotawala viwanja vya Mpanda, una sababu ya kujifunza ukweli huo kutoka kwenye kriketi ya Kenya.

Kriketi huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja, ambapo mpigaji hutafuta mikimbio, yaani alama zinazopatikana kwa kukimbia kati ya wiketi mbili (vijiti vilivyosimikwa pande mbili za sehemu ya kuchezea) au kwa kuupiga mpira hadi mpakani, naye mrushaji hujaribu kumtoa. Tarehe 24 Februari 2003, jijini Nairobi, kijana Collins Obuya, ambaye aliuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono ili ubadili mwelekeo unapodunda, aliwatoa wapigaji 5 wa Sri Lanka huku akiruhusu mikimbio 24 tu, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53, ushindi uliosaidia kuifikisha katika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ilimsajili mwaka huohuo, lakini makali yale ya urushaji hayakurudi tena. Obuya hakukata tamaa, bali alijijenga upya akawa mpigaji, na mwaka 2011 alifikisha mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Hata hivyo, ule urushaji uliompatia sifa duniani ulikuwa umeshapotea. Naye Steve Tikolo, aliyehesabiwa miongoni mwa wapigaji bora nje ya mataifa makubwa, alistaafu bila kucheza hata mechi moja ya Test, yaani ile ya siku tano ambayo ndiyo kipimo cha juu kabisa cha mchezo huo, kwa kuwa Kenya haikuruhusiwa kuingia katika daraja hilo.

Baada ya 2003 mataifa makubwa yaliialika Kenya mara chache, wachezaji na viongozi wao wakagombana kuhusu malipo, na mwaka 2004 Maurice Odumbe, nahodha wa zamani, akafungiwa miaka 5 kwa uhusiano na mchezesha kamari. Kufikia 2014 nchi hiyo ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na kizazi kilichofuata kikanyimwa hata ule mlango mwembamba aliopitia Obuya.

Katavi, mkoa ulio mbali na vilabu vikubwa vya Dar es Salaam, huwaona vijana wake waking'ara katika UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, ambayo huonyesha kipaji lakini haiwezi kukikuza peke yake. Kwa hiyo viongozi wa michezo wa mkoa na wa halmashauri wapimwe kwa idadi ya mechi za ushindani anazocheza kijana katika miezi inayofuata mashindano hayo, na kwa uaminifu wa kumlipa anachostahili, kwa sababu makofi ya siku moja hayajawahi kumlea mchezaji yeyote.