Salamu Isiyofutika: Kadi ya Idi kwa Mkono Wako

Siku ya tatu ya Idi iliyopita, simu yangu ilikataa kupokea picha zaidi kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Nilifanya kama wafanyavyo wengi wetu: nikazichagua salamu zote za Idi kwa pamoja, miezi miandamo, misikiti ya dhahabu na maua yanayometameta, nikazifuta. Nyingi nilikuwa nimezipokea mara tatu au nne kutoka kwa watu mbalimbali, na baadhi yake mimi mwenyewe nilizipeleka mbele bila kuzisoma. Miongoni mwa hizo ilikuwamo sauti ya shangazi yangu akiniombea dua. Mfungo Pili haukwisha, akatangulia mbele ya haki.

Sauti ile nimeitafuta sana nisiipate. Ninachokishika leo ni kadi moja aliyoniletea nilipojifungua mwanangu wa kwanza. Ni kipande cha manila kilichokunjwa katikati, ukingo wake umepitishwa uzi mweupe wa kushonea kofia. Ndani, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mna mstari mmoja: “Umepata amana, mwanangu, itunze, nayo itakutunza.” Chini yake pana jina la mtoto na tarehe. Mahali pamoja wino umeganda, kana kwamba alisita kidogo kabla ya kuendelea. Kila niitazamapo kadi ile, naliona pia kusita kwake.

Ndugu msomaji, siandiki haya kuilaumu simu. Ni neema kwa mama ambaye mwanawe yuko Muscat au Jeddah kumfikishia salamu kwa dakika moja. Lakini salamu iliyotumwa kwa watu mia kwa mkupuo haina aliyekusudiwa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 86, tumefundishwa kuyajibu maamkizi kwa yaliyo bora zaidi au kwa mfano wake, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kupeana hadiya kwa kuwa huzidisha mapenzi. Kadi iliyotengenezwa kwa mkono hukusanya yote mawili: ni maamkizi, na ni hadiya.

Kazi ya mikono ya mama zetu

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, alikuwa mgonjwa. Akaandika utenzi wa nasaha kwa binti yake, Mwana Hashima, kwa Kiamu na kwa herufi za Kiarabu. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Maneno aliyomkusudia mtoto mmoja yakanakiliwa kwa mkono, nakala kwa nakala, hata yakatufikia sisi. Na katika kisiwa hicho hicho cha Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa wanakili wa misahafu, waliopamba kurasa zake kwa nakshi na kwa wino wa rangi. Wazee wetu waliamini kwamba neno jema lastahili karatasi nzuri na mkono uliotulia.

Kadi kwa mfano wa kanga

Mwenye kuogopa kwamba hajui kuchora na aitazame kanga aliyojifunga. Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Kadi nayo yaweza kujengwa vivyo hivyo.

Chukua karatasi nzito ya ukubwa wa A4. Ikate katikati kwa upana, upate vipande viwili vya milimita 148 kwa 210. Kila kipande kikikunjwa mara moja huwa kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo huingia katika bahasha ndogo ya kawaida. Kwa hiyo karatasi moja hutoa kadi mbili. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, kwa kukandamiza kidogo, mahali pa mkunjo; karatasi itakunjika kwa mstari ulionyooka bila kupasuka.

Anza na pindo. Pima sentimita moja kutoka kila ukingo, piga mistari, kisha ujaze nafasi hiyo kwa umbo moja linalojirudia: korosho kama za kwenye kanga, nukta, au mishono ya uzi. Ukishona, toboa matundu kwanza kwa sindano juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa vipimo vilivyo sawa, ndipo upitishe uzi.

Kisha mji. Ua la mianzi sita, la aina ya maua yaliyochongwa katika milango ya kale ya miji yetu, huchorwa kwa bikari peke yake. Chora duara kwa bikari iliyofunguliwa sentimita tatu. Usiubadilishe upana huo. Weka ncha popote juu ya mzingo, uchore tao lipitalo katikati ya duara na kuukata mzingo pande mbili. Hamishia ncha kwenye alama uliyoipata, ufanye vivyo hivyo. Ukifika mara ya sita utakuwa umerudi ulipoanzia, na ua limekamilika. Watoto hulipenda zoezi hili, kwa kuwa ua huwatokea mbele ya macho yao bila wao kulichora. Aliye mdogo zaidi na akate miraba miwili ya sentimita tano kwa rangi mbili. Abandike mmoja juu ya mwingine, na pembe za ule wa juu zielekee katikati ya pande za ule wa chini. Hiyo ni nyota ya ncha nane, nakshi inayojulikana katika ulimwengu wote wa Kiislamu. Mabaki ya kanga nayo hufaa: kata dirisha katika uso wa kadi, ubandike kitambaa kwa nyuma.

Jina liwe chini ya mji, kama lilivyo katika kanga: maneno machache, ama “Idi Njema”, ama methali uipendayo. Kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari hutoa herufi nene na nyembamba kwa mkono mmoja. Asiyekuwa nayo atumie kalamu yenye ncha bapa.

Adabu ya karatasi

Wanazuoni wengi wamekataza kuchora viumbe wenye roho, na nakshi za maua na maumbo zinatutosheleza. Kuhusu aya na majina ya Mwenyezi Mungu, tukumbuke kwamba bahasha huenda ikatupwa na kadi ikaangukia chini ya miguu. Aliye mwangalifu ataacha kuandika aya kwa nje, na dua yake ataiweka ndani, mahali panapohifadhiwa.

Neno la ndani

Nakshi zote hizi ni mlango tu. Kadi ya shangazi yangu haikuhifadhika kwa ajili ya uzi wake. Ilihifadhika kwa mstari ule mmoja. Kwa hiyo andika kwanza kwenye karatasi ya kawaida, na uhakikishe mna mambo matatu: jina la unayemwandikia, jambo moja ambalo ni lenu wawili tu, na sahihi yako pamoja na tarehe, ya Hijria na ya Miladia. Jirani umwandikie: “Siku nilipougua, futari ya watoto wangu ilitoka jikoni kwako. Sijaisahau.” Mama mkwe umwandikie: “Mama, ulinipokea nisijue kupika wali, leo wanangu wanausifu, na sifa ni yako.” Mstari kama huo hakuna awezaye kuunakili na kuupeleka kwa mwingine.

Bibi aliyezoea herufi za Kiarabu msimlazimishe kuandika kwa Kilatini. Mwandiko wake ndio hazina yenyewe. Asiyejua kuandika na atamke, aandikiwe. Kisha mkono wake uwekwe juu ya karatasi, mjukuu auzungushie penseli, na ndani yake uchorwe mkono wa mjukuu. Mkono ule mdogo hautakuwa mdogo tena.

Kuihifadhi

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, nayo haina huruma kwa karatasi. Wino wa kalamu za rangi za watoto hupauka kwenye jua, basi maneno yaandikwe kwa wino mweusi usiochuja maji. Usitumie utepe wa gundi wa plastiki, kwa kuwa hugeuka rangi na kuacha doa. Ukitaka harufu, ifukize karatasi kwa udi kabla ya kuandika, mbali na makaa. Aliyepokea kadi na ailaze kati ya karatasi nyeupe safi, katika sanduku lenye kifuniko, lisigusane na sakafu wala ukuta, ili kuepuka mchwa na ukungu. Siku kavu za kaskazi aitoe ipunge hewa kivulini. Akiitia katika fremu, uso wa kadi usigusane na kioo, kwani unyevu hugandisha wino.

Mwanangu aliyeandikiwa kadi ile sasa ni mtu mzima. Juzi aliniomba nimsomee, kwa kuwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu hakijui. Nikamsomea mara mbili. Akakaa kimya, kisha akauliza iwapo bado ninayo manila nyumbani.

Mwezi mtukufu u karibu, na kumi la mwisho huwa halina nafasi. Basi tuanze mapema: karatasi moja, kadi mbili, moja kwa aliyekuzidi umri na moja kwa uliyemzidi. Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani kwa afya, atutakabalie sisi nanyi, na awarehemu waliotuandikia wakatangulia. Amin.