Uzito wa Askari na Uzito wa Mzigo: Mifano kutoka Kalemie, 1916 na 1965

Kitenzi kukonda hutaja mwili uliopungua bila kusema umepungukiwa na nini. Askari aliyerejea kutoka safari ya wiki tatu huambiwa kuwa amekonda, iwe alichopoteza ni shahamu iliyo chini ya ngozi, au mnofu wa mapaja, au maji tu ambayo yatarudi akishakunywa vya kutosha. Kunenepa nako hakubainishi zaidi ya hapo. Katika mazungumzo ya kila siku ufinyu huo wa maana haudhuru kitu. Katika elimu ya mwili wa askari, hata hivyo, tofauti hizo ndizo kiini cha jambo lenyewe, kwa kuwa mafuta ni akiba, mnofu ni chombo cha kazi, na maji ndiyo yanayoupoza mwili. Makala haya yanaeleza namna mambo hayo yanavyochunguzwa, na namna historia ya Kalemie na milima iliyo jirani nayo inavyodhihirisha kwamba mwili wa askari haupimiki peke yake, bila mzigo aubebao na bila nchi anamopita.

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani ni uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo za mtu zigawanywe kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita. Aliyeuanzisha ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Yeye huyo baadaye alitumia vipimo vya vifua vya askari wa Uskochi kutafuta umbo la “mtu wa wastani”. Kwa hesabu hiyo mtu mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 55 hupata 19, na mwenzake wa kimo hicho hicho mwenye kilo 78 hupata 27. Wa kwanza huonekana yu karibu na wembamba uliozidi, wa pili huonekana amenenepa kupita kiasi. Lakini hesabu haisemi hizo kilo 78 ni za nini. Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1942, pale Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alipowapima ndani ya maji wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani. Kwa jedwali la uzito lililotumika wakati ule, 17 kati yao wangekataliwa kwa unene. Kipimo cha maji kilionyesha kwamba wengi wao walikuwa na mafuta machache na misuli mingi. Tangu hapo uzito na muundo wa mwili vikawa mambo mawili mbalimbali.

Uchunguzi uliofuata ulijikita zaidi katika kile kinachotokea mwili unapodaiwa zaidi ya unavyolishwa. Katika jaribio la Minnesota la 1944 na 1945, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa miezi sita hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu, ari ya kazi na hata uchangamfu wa akili vilishuka pamoja na uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa jeshi la Marekani waliwafuatilia askari waliokuwa katika mafunzo magumu ya Ranger, ambayo huchukua majuma manane hivi. Vijana hao walipungua takriban asilimia 16 ya uzito, na mafuta ya wengi yakafikia asilimia 6 au chini ya hapo. Kiwango hicho ni kama sakafu. Mwili ukishaifikia hauna tena akiba ya kutumia, nao huanza kuula mnofu wake wenyewe. Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo aghalabu husahauliwa na wanaosifu wembamba wa askari: anayeanza safari akiwa mwembamba huifikia sakafu hiyo mapema kuliko mwenziwe.

Mwili mdogo, kwa upande mwingine, una faida yake. Kadiri mtu alivyo mdogo, ndivyo eneo la ngozi yake lilivyo kubwa likilinganishwa na uzito wake, na ngozi ndiyo inayotoa joto. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoa takriban kilokalori 580 za joto. Jasho linalodondoka chini bila kukauka, kama itokeavyo kwenye unyevu mwingi, halipozi chochote. Kupoteza maji yapatayo asilimia 2 ya uzito hutosha kupunguza uwezo wa kufanya kazi ndefu juani, na kwa mtu wa kilo 55 hiyo ni zaidi kidogo ya lita moja, kiasi kinachoweza kutoka kwa saa moja ya kupanda mlima na mzigo. Mwili huzoea joto kwa siku saba hadi kumi na nne za kazi ya hatua kwa hatua. Basi mtu mdogo hustahimili joto vizuri. Tatizo lake huanza anapotwikwa. Mzigo wa kilo 25 ni chini ya theluthi ya uzito wa mtu wa kilo 80, lakini ni asilimia 45 ya uzito wa mtu wa kilo 55. Ni kweli kwamba G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walionyesha mwaka 1986 kuwa wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo kwa kutumia kichwa huweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza nishati wanayotumia katika kutembea. Ugunduzi huo ni wa ajabu, na umetajwa mara nyingi. Hata hivyo, kwa mtu wa kilo 55 asilimia hiyo ni kilo 11 tu, tena katika kutembea mahali tambarare. Kilo 25 mlimani ni habari nyingine.

Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati wa ukoloni, iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani, kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari. Hapo hewa ni ya joto na unyevu. Lakini kusini, upande wa Moba, nyanda za Marungu hupita mita 2,000, na kaskazini, upande wa Fizi, milima hupanda moja kwa moja kutoka majini. Msafiri anaweza kuondoka asubuhi akitokwa jasho na kulala usiku akitetemeka. Aidha, katika sehemu nyingi za mabondeni mbung'o waliwazuia wanyama wa kubeba mizigo, hivyo kabla ya reli na barabara kila kitu kilipita juu ya vichwa na mabega ya watu.

Reli kutoka Kabalo ilifika Albertville mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimekwisha fika ziwani: meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilikuwa imeishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune tangu Agosti 1914. Mwaka huo wa 1915 Waingereza walizileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa njia ya Katanga. Kutoka Fungurume hadi Sankisia zilivutwa nchi kavu kwa zaidi ya kilomita 200 na injini za mvuke. Zilipokosa maji njiani, wanawake wa vijiji walitakiwa kuyaleta mitungini, vichwani mwao. Kwa hiyo hata mahali mashine ilipochukua nafasi ya mpagazi, mashine yenyewe ilinyweshwa na wapagazi. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Kigoma ilitwaliwa na majeshi ya Kongo tarehe 28 Julai 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba.

Habari za mashua zimesimuliwa sana. Habari za waliobeba chakula cha vita hivyo si sana. Wapagazi walioandikishwa kwa ajili ya majeshi ya Kongo katika vita hivyo vyote hukadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, mara nyingi zaidi ya idadi ya askari waliowahudumia. Sababu yake ni hesabu. Ichukuliwe kwamba mpagazi amebeba kilo 25 za unga, na kwamba yeye mwenyewe hula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, atakuwa amekula 20, na zitakazomfikia askari ni kilo tano. Makamanda walikuwa na njia mbili: kuongeza watu au kupunguza posho. Kupunguza posho maana yake ni kuuhamishia mwili wa mpagazi lile pungufu, ili alipie safari kwa mafuta yake na baadaye kwa mnofu wake. Neno posho lenyewe, ambalo katika misafara lilikuwa kipimo cha chakula cha siku, leo nchini Uganda ni jina la ugali na nchini Tanzania ni fedha za kikao; mabadiliko hayo ya maana yastahili uchunguzi wa peke yake.

Matokeo yake yanajulikana vizuri zaidi kwa upande wa Waingereza, ambako vifo vilivyoandikwa katika Kikosi cha Wapagazi, kile kilichoacha jina la Kariakoo, vilipita 40,000. Wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, kichomi na malaria. Unga usioiva vizuri uliwadhuru matumbo watu waliozoea vyakula vingine. Baridi ya milimani iliwakuta wakiwa na nguo haba na bila shahamu ya kuwahifadhi. Mtu aliyepimwa na kuonekana mzima siku ya kuandikishwa hakuwa mtu yule yule baada ya miezi miwili.

Mfano wa pili ni wa 1965. Mwezi wa Aprili Ernesto Guevara, aliyekuwa daktari kwa elimu, alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba, katika Fizi, pamoja na Wakuba waliojipa majina ya Kiswahili ya hesabu: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Mwezi wa Juni walijaribu kukishambulia kituo cha umeme cha Bendera, kaskazini mwa Kalemie, wakashindwa. Homa ziliwaangusha wageni hao mapema, ingawa walikuwa askari waliochaguliwa kwa afya yao. Chakula na risasi viliwasili ufukoni na vilipaswa kupandishwa mlimani. Guevara ameandika kwamba wapiganaji wa Kikongo walipoagizwa kubeba walikuwa wakijibu, kwa Kiswahili cha huko, kwamba wao si magari. Yeye aliliona jibu hilo kuwa ukosefu wa nidhamu, na kwa kiasi fulani huenda alikuwa na haki. Lakini daktari angeweza pia kuuliza mjibuji alikuwa na kilo ngapi, alikula nini jana yake zaidi ya mhogo, na babu yake alibeba nini mwaka 1916.

Kwa anayetaka kuchunguza askari wa leo katika mazingira kama hayo, vifaa vinavyohitajika si vya gharama kubwa: mizani, utepe, koleo la kupimia unene wa ngozi, kipimo cha nguvu za mkono, na kipimajoto chenye utambi uliolowa kwa ajili ya unyevu. Kipimo cha siku ya kuandikishwa hakitoshi. Kinahitajika cha pili baada ya wiki mbili, mwili ukishazoea joto, na cha tatu baada ya safari, pamoja na mizani ya mzigo wenyewe na ya posho iliyoliwa kweli, si ile iliyoandikwa katika daftari la bohari. Na katika dodoso la Kiswahili, swali “umekonda?” litenganishwe: ukanda unalegea kiunoni, mapaja yamepungua, au kiu haikatiki?