Google ikibadili kanuni, asali ya Singida yahamishwa meza

UKIPITA barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza, utajua umeingia Mkoa wa Singida kabla hujasoma kibao chochote. Kuanzia Manyoni, Ikungi hadi unapoteremka kuelekea Shelui, kando ya lami kuna madumu ya mafuta ya alizeti yaliyopangwa mezani, chupa za asali, vitunguu vyekundu na kijana anayekimbilia dirisha la basi akiwa ameshika kuku wanne miguu juu. Wanaouza hapo wanajua thamani ya mahali. Meza iliyo pale basi linaposimama huuza. Iliyo hatua hamsini mbele hubaki ikipigwa vumbi, hata kama asali yake ndiyo nzuri zaidi.

Siku hizi ipo barabara ya pili isiyo na lami. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat anayetaka asali, mafuta au mashudu ya alizeti huchukua simu, akaandika maneno mawili matatu kwenye Google, kisha akatazama kinachojitokeza juu. Hicho cha juu ndicho meza ya kwanza. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, hupitiwa na takriban utafutaji tisa kati ya kila kumi unaofanyika duniani, na kwa hiyo mpangilio wake ndio mpangilio wa soko. Ugumu ni kwamba meza za soko hili huhamishwa usiku, na mwenye meza haulizwi.

Ili kuona uzito wa jambo hili, chukulia msindikaji mdogo wa asali wa Itigi mwenye tovuti yake. Hesabu hii ni ya mfano tu. Watu 400 kwa mwezi wanaandika maneno “asali ya Singida”. Tovuti yake ikiwa ya kwanza, mmoja kati ya kila wanne anaifungua, yaani watu 100. Katika hao, mmoja kati ya kila kumi anapiga simu, na nusu ya wanaopiga wananunua dumu la lita 20. Hao ni wateja watano na lita 100. Kwa bei ya mfano ya Sh10,000 kwa lita, anaingiza Sh1 milioni kwa mwezi.

Sasa tovuti hiyo ishuke hadi ukurasa wa pili, ambako anayefika na kuifungua ni mmoja kati ya mia. Wataifungua watu wanne kwa mwezi. Kwa uwiano uleule, mteja mmoja atapatikana baada ya miezi mitano. Nyuki ni walewale, mizinga ni ileile, na hakuna aliyegusa tovuti. Kilichobadilika ni kanuni ya kupanga majibu, ile ambayo wataalamu huiita algorithimu, na imebadilishiwa California. Mkopo wa ndoo, chupa na lebo haushuki pamoja nayo.

Kanuni hiyo ilianza ikiwa rahisi kueleweka. Mitambo ya Google husoma kurasa za tovuti, huzihifadhi katika faharasa kubwa, na mtu anapouliza huzipanga kwa alama. Wazo la mwanzo la Page na Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kama kura, na kura ya tovuti inayoheshimika iwe na uzito zaidi. Juu ya hapo yaliangaliwa maneno yenyewe: anayetafuta asali apewe ukurasa unaotaja asali.

Penye kura hapakosi wanunuzi wa kura. Wenye tovuti walianza kurudia maneno: asali, asali bora, asali bora Singida, asali bora ya Singida, mara mia katika ukurasa mmoja, wengine kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili binadamu asione ila mtambo usome. Novemba 2003 Google ilibadili kanuni zake kwa kishindo, katika badiliko ambalo wenye fani hiyo waliliita Florida, na maduka mengi madogo ya Marekani yaliyotegemea hila hizo yakaporomoka wiki chache kabla ya Krismasi. Yaliporomoka pia baadhi ambayo hayakuwa na hatia, na kilio chao ndicho kilichofundisha dunia kwamba nafasi ya juu ni ya kukodi.

Singida ya wakati huo ilikuwa mbali na kelele hizo. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kabla yake intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kwa hiyo wengi waliojenga tovuti za biashara hapa nchini walianza wakati hila za mwanzo zimekwisha kupitwa, lakini mafundi wao waliendelea kuziuza. Mfano mzuri ni orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kuwa haiitumii orodha hiyo katika kupanga majibu. Fundi anayemtoza msindikaji fedha leo kwa ajili ya orodha hiyo anamuuzia gunia la pumba.

Februari 2011 likaja badiliko lililoitwa Panda, lililolenga kurasa nyepesi zilizoandikwa kwa ajili ya kunasa utafutaji tu. Google yenyewe ilisema liligusa asilimia 11.8 ya utafutaji nchini Marekani. Aprili 2012 likafuata la Penguin, lililowaadhibu wanunuzi wa viungo. Katika kipindi hicho palitokea kisa cha JC Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Gazeti la New York Times liligundua kuwa maelfu ya viungo vilikuwa vimepandikizwa katika tovuti zisizohusiana na bidhaa zake, zote zikiisukuma juu. Google ilipochukua hatua, Februari 2011, kampuni hiyo iliteremka katika maneno ya aina moja ya masanduku ya safari kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 ndani ya saa mbili. Kampuni yenye maduka zaidi ya elfu moja ilibaki na mahali pengine pa kuuzia. Mwenye mizinga 60 Manyoni hana.

Badiliko lililomgusa Mtanzania moja kwa moja ni la Aprili 21, 2015, Google ilipoanza kuzipa upendeleo tovuti zinazosomeka vizuri katika simu pale anayetafuta anapotumia simu. Nchini kwetu anayetafuta kwa kompyuta ni mtu wa ofisini. Mnunuzi wa kawaida ana simu, na mara nyingi ana kifurushi kinachokaribia kuisha. Tovuti yenye picha nzito ya alizeti iliyochanua inayochukua dakika nzima kufunguka ilianza kushuka, na ilistahili.

Kiswahili hubadili kichwa cha neno

Kuna sehemu ya habari hii isiyoandikwa katika vitabu vya Kiingereza kuhusu maneno ya utafutaji, nayo ndiyo yenye faida kubwa kwa muuzaji wa hapa. Kiingereza, neno likibadilika, kwa kawaida hubadilika mkia. Kiswahili hubadili kichwa. Kitunguu kimoja, vitunguu viwili. Muuzaji, wauzaji, nauza, tunauza, wanaouza, inauzwa: kwa mtambo unaolinganisha herufi hayo ni maneno sita, kwa mteja ni jambo moja. Mnunuzi aliyeandika “nani anauza vitunguu jumla” angeweza kuukosa ukurasa uliosema “wauzaji wa vitunguu kwa magunia”, hata kama mwenye ukurasa huo alikuwa na ghala limejaa.

Oktoba 2019 Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT, unaojaribu kuelewa neno kwa kuangalia maneno yaliyolizunguka. Ulianza na Kiingereza, na Desemba mwaka huohuo ukapelekwa katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Tangu hapo aliyeandika ukurasa unaoeleweka, kwa Kiswahili cha kawaida, hana haja ya kurundika kila umbo la neno ili apatikane.

Faida yake kiuchumi ni hii. Anayeuza mafuta ya alizeti kwa maneno ya Kiingereza anashindana na Ukraine na Urusi, nchi zinazoongoza duniani kwa kuyauza nje, na kurasa za makampuni yenye idara nzima ya watu wa kazi hiyo. Huko msindikaji wa Singida akitumia fedha kutafuta nafasi ya kwanza anajidanganya. Lakini mfugaji wa kuku wa Kibaha anayeuliza kwa Kiswahili ni kiasi gani cha mashudu kiwekwe katika chakula cha kuku wa mayai, au mama lishe anayetaka kujua kwa nini mafuta yaliyokamuliwa bila kuchujwa vizuri hutoa povu, anakuta kurasa chache sana zilizoandikwa kwa uangalifu. Mkamuaji anajibu maswali hayo kila siku mlangoni kwake. Akiyaandika, anasimama mahali ambapo washindani ni haba.

Hilo pia ndilo lililo salama zaidi kanuni zinapobadilika. Mabadiliko makubwa ya Agosti 2022, na yale ya Machi 2024 yaliyochukua siku 45 kukamilika, yalitangazwa kuwa yanalenga kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya mtambo badala ya msomaji. Si kwamba kila mwandishi mwema alisalimika. Wapo duniani wenye tovuti ndogo, nzuri, walioanguka na hawakuinuka tena. Lakini anayeishi kwa hila huwa wa kwanza kwenye orodha.

Umbali umerudi

Wachumi wa mazao wamezoea kusema intaneti inaua umbali. Google imeurudisha. Mtu anapotafuta kitu cha kununua, mara nyingi juu ya majibu hutokea ramani yenye maduka machache. Google inaeleza kuwa maduka hayo hupangwa kwa mambo matatu: kuhusiana na kilichoulizwa, umbali kutoka alipo mteja, na umaarufu wa duka. Baada ya badiliko la Novemba na Desemba 2021, wataalamu wengi waliofuatilia waliona umbali umeongezewa uzito.

Kwa mteja wa kinyozi hilo ni jema. Kwa asali ya Singida si jema. Mkazi wa Sinza anayetafuta asali anaonyeshwa duka la Sinza, ambalo huenda linauza asali hiyohiyo ya Itigi kwa lebo nyingine na bei nyingine. Dalali aliyedhaniwa kuondolewa na tovuti anarudi kwa mlango wa ramani. Wasindikaji wenye uwezo wanaweza kuungana na kuwa na kituo kimoja cha kuuzia Dar es Salaam, kikaandikishwa kwenye ramani hiyo, na kuandikishwa hakulipiwi. Kodi ya pango ndiyo gharama, na igawanywe kwa wengi.

Wakulima wa mkoa huu si wageni wa kanuni zinazobadilishwa mbali nao. Mwaka 2021 Serikali iliutaja Singida pamoja na Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti, watu wakapanua mashamba. Mwaka 2023 bei ikawaangusha, na mafuta kutoka nje yakalaumiwa. Hata hivyo walikuwa na mbunge wa kumlalamikia, na hoja ya ushuru ikasikika bungeni. Aliyeshushwa na Google hana mbunge. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kuwa kampuni hiyo imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria, lakini uamuzi huo haumpi muuza asali mahali pa kukata rufaa ya nafasi yake.

Na sasa hata nafasi ya kwanza inapungua thamani. Tangu Mei 2024, ikianzia Marekani, Google imekuwa ikiweka juu ya majibu muhtasari ulioandikwa na akili bandia. Msomaji anapata jibu, anafunga simu, na tovuti iliyotoa maarifa hayo haifunguliwi. Anayetaka kujua faida za asali ataridhika na muhtasari. Anayetaka madumu kumi yaletwe Ijumaa bado anahitaji namba ya simu, ndiyo maana bei, ujazo, mahali ulipo na namba ya simu vinapaswa kuwa juu kabisa ya ukurasa, si chini ya historia ya kampuni.

Namba za wateja wa zamani nazo zina kazi. Mteja aliyenunua mara moja kupitia Google, namba yake ikaandikwa daftarini na akapelekewa ujumbe msimu mwingine, hategemei tena algorithimu. Wasindikaji wengi hupoteza namba hizo pamoja na simu zao, kisha hulipa fundi awatafutie wateja walewale upya.

Daftari hilohilo lina matumizi ya pili. Google hutoa bure chombo kiitwacho Search Console, kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyomletea watu na nafasi aliyokuwa nayo, na hutangaza tarehe mabadiliko makubwa yanapoanza na kuisha. Yaliyofanyika katikati ya mwaka 2025 yalianza Juni 30 na kumalizika Julai 17, siku ambazo alizeti imekwisha kuvunwa Singida na mashine za kukamua zinanguruma. Mkamuaji aliyeona simu zimepungua Julai 5 alikuwa na sababu mbili za kuchunguza: bei yake na nafasi yake. Tarehe hizo zikiwa zimeandikwa kando ya mauzo ya kila wiki, hana haja ya kushusha bei ya dumu kabla ya Julai 17.