Kitu kinadunda tumboni: usikikande!

Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa unaoua mtu ghafla, halafu majirani wanasema amerogwa.

Mshipa mkubwa kuliko yote mwilini unaitwa aota. Unatoka moyoni, unashuka kifuani mpaka tumboni. Kwa wazee, hasa wanaume waliopita miaka 65 na waliovuta sigara, ukuta wake unaweza kulegea na kuvimba. Presha ya damu nayo inaongeza hatari. Ni kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa: inatoa nundu pale palipo dhaifu, na siku moja inapasuka.

Mara nyingi uvimbe huu hauumi. Wengine wanasikia tu kitu kinadunda karibu na kitovu, sawa na mapigo ya moyo. Hapo ndipo muzee anapelekwa kukandwa tumbo. Ndugu zangu, hapana! Msikande, msichanje. Mpelekeni hospitali akapimwe kwa ultrasaundi.

Je, kuna dawa? Hakuna kidonge cha kurudisha mshipa ulivyokuwa. Uvimbe ukiwa mdogo, daktari anaupima kila baada ya muda, na mgonjwa anaacha sigara na kutibiwa presha. Ule wa tumboni ukifika sentimita 5.5 kwa mwanaume, au 5 kwa mwanamke, madaktari wanafikiria upasuaji. Wanafungua tumbo na kushona bomba la kitambaa maalum mahali palipoharibika. Kwa wagonjwa wengine bomba linapitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kufungua tumbo.

Kazi hii inataka mabingwa. Kutoka Bwera, barua ya rufaa inaweza kukupeleka hospitali ya mkoa ya Fort Portal, halafu Kampala, kwenye Uganda Heart Institute iliyoko Mulago tangu 1988. Safari ni zaidi ya kilomita 350. Kabla ya kuondoka, ulizeni wahudumu wa afya wa kambi: nani atalipa, nani atatafsiri, nani atabaki na watoto?

Upasuaji wenyewe una hatari yake, kwa hiyo familia ikae na muzee, imsikilize. Albert Einstein, mwanasayansi maarufu, alifanyiwa upasuaji wa ugonjwa huu mwaka 1948. Mshipa ulipopasuka Aprili 1955 alikataa kupasuliwa tena, akafariki akiwa na miaka 76. Huo ulikuwa uamuzi wake. Lakini mtu hawezi kuamua juu ya kitu asichokijua.

Basi wiki hii mpelekeni baba na babu wapimwe presha. Kama ndugu yao wa damu aliwahi kuugua hivi, mwambieni daktari. Na yeyote akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, pamoja na jasho na kizunguzungu, msingoje asubuhi. Tafuteni gari usiku huohuo.