Je, Wajua? Utafiti wa Kofia Ngumu Ulizaliwa na Msiba

Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, mwanajeshi wa zamani wa Uingereza T. E. Lawrence aliwakwepa wavulana wawili wenye baiskeli, akarushwa kutoka kwenye pikipiki yake. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alifariki baada ya siku sita. Daktari Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia. Kifo hicho kilimgusa, na mwaka 1941 alichapisha utafiti wake kuhusu ajali za pikipiki na faida ya kofia.

Leo bodaboda wengi huitundika kwenye usukani, au huivaa mkanda ukining'inia kidevuni. Isipofungwa, huweza kuchomoka kabla kichwa hakijagusa lami. Na ikishapata kishindo kikubwa, povu gumu la ndani hubonyea wala halirudi. Ibadilishwe, hata kama ganda bado linang'aa.