Mng'aro Usiotoka Chupani

Adui mkubwa wa ushanga wa udongo wa polima hukaa kwenye meza ya vipodozi: kichupa cha rangi ya kucha, ile angavu isiyo na rangi. Fundi mgeni amekanda, amefinyanga, ametoboa tundu, ameoka, na ushanga umetoka kwenye oveni ukiwa umefubaa. Anaona njia ya mkato. Anapaka, inakauka kwa dakika chache, inawaka. Anauza. Wiki au miezi ikipita, mnunuzi anagundua kwamba mkufu unanata shingoni, unaokota vumbi na nyuzi za nguo, na kila ushanga una alama ya kidole. Lawama humwangukia fundi, au unyevu wa hewa ya Pwani. Unyevu umesingiziwa.

Kosa ni la kikemia. Udongo huu haukuchimbwa popote. Ni unga laini wa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji na ya maganda ya nyaya za umeme, uliochanganywa na rangi, vijazio na kimiminika kizito cha kulainishia. Hicho kilainishi ndicho kinachoufanya ukandike. Katika joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi, punje za PVC hukinywa, huvimba na kushikana, kama unga unavyokunywa maji ya moto ukawa uji mzito. Hakuna kinachokauka. Kilainishi kinabaki humo humo maisha yote ya ushanga.

Na kwa kuwa kimebaki, hakitulii kikipata jirani mbaya. Viyeyushi vya rangi ya kucha, kama ethili asetati na butili asetati, hulegeza uso wa PVC. Kisha kilainishi hupanda taratibu na kuhamia kwenye utando wa juu, nao hauwezi tena kukaa mgumu. Vanishi nyingi za kopo la kupuliza huishia vilevile. Hata udongo mbichi ukihifadhiwa kwenye kikopo cha plastiki ngumu ya aina ya polistirini, huweza kuking'ata kikopo chenyewe na kukiachia makovu.

Bidhaa hii ina historia ya kubahatisha. Käthe Kruse, mtengenezaji maarufu wa wanasesere nchini Ujerumani, alitafuta kitu cha kutengenezea vichwa vyao wakati malighafi zilipokuwa adimu. Mchanganyiko aliopewa haukumfaa, ila binti yake Sophie, aliyeitwa Fifi nyumbani, aliuchezea na kuuboresha. Mwaka 1964 ulinunuliwa na kampuni ya Eberhard Faber, ukatoka sokoni kwa jina la Fimo. Marekani nako, Sculpey, aina nyingine ya udongo huu, ilibuniwa ili kuhamisha joto kwenye transfoma za umeme. Kazi hiyo iliishinda, ikawa mali ya wasanii.

Sasa mng'aro wenyewe ni nini? Ni jambo la umbo. Mwanga ukianguka juu ya uso uliosawazika hurudi ukiwa pamoja, ukielekea upande mmoja, na jicho huona kitu kinachong'aa. Ukikuta mikwaruzo na vishimo hutawanyika ovyo, na jicho huona ukungu. Ushanga uliookwa umejaa alama hizo: mistari ya vidole, chembe za vumbi, mbonyeo wa pale ulipolala. Kazi ya fundi ni kuzifuta, na chombo chake ni msasa wa maji, uleule wanaotumia wapiga rangi magari gereji. Huanza na namba 400, ikaja 600, 800, 1000, hadi 2000, ushanga ukiwa ndani ya bakuli la maji yenye tone la sabuni. Kila namba hufuta mikwaruzo ya iliyotangulia na kuacha yake, midogo zaidi. Anayeruka namba ataikuta mikwaruzo ya 400 mwishoni, ikionekana wazi kuliko mwanzo, kwa sababu kila kitu kingine kimeshalainika.

Wa Pwani hawakuhitaji kufundishwa kusugua. Huko Tumbe, kaskazini mwa Pemba, wanaakiolojia walifukua kwa wingi vigae vya vyungu vilivyochimbika mifereji, katika makazi ya karne ya 7 hadi ya 10. Vigae hivyo hutambuliwa kuwa vinoo vya kusugulia shanga.

Turudi kwenye msasa, maana hapo ndipo penye ajabu. Punje za msasa namba 2000 zina upana wa mikromita 10 hivi, ilhali mawimbi ya mwanga tunaouona ni mafupi kuliko mikromita moja. Kwa hiyo ushanga ukitoka kwenye msasa huo huteleza mkononi, lakini kung'aa kwake ni hafifu. Hatua ya mwisho haikwaruzi tena. Ni gurudumu la kitambaa cha pamba linalozungushwa na mota, au, kwa asiye na mota, kipande cha jinzi na mkono usiochoka. Msuguano huzaa joto dogo, tabaka la juu kabisa hulegea, vilele hulala na mabonde hujaa. Plastiki inajisawazisha yenyewe. Mkono ukisita mahali pamoja, joto huzidi na mfereji huchimbika, ndiyo maana ushanga huguswa kwa wepesi huku ukigeuzwa bila kutua. Mng'aro wa namna hii haubanduki, kwa kuwa hakuna kilichobandikwa. Ukififia baada ya kuvaliwa sana, jinzi huurudisha.

Ila ushanga uwe umeiva. Ulioivia nje tu huvunjika ukisuguliwa, na hakuna polishi itakayouokoa. Maelekezo ya Sculpey ni nusu saa kwenye nyuzi 130 kwa kila milimita 6 za unene. Udongo mwingine huhitaji joto pungufu kidogo, na pakiti ndiyo isomwe. Jiko la mkaa halifai, na namba kwenye kitufe cha oveni nazo hudanganya. Kipimajoto cha oveni ni rahisi kuliko trei nzima iliyoungua, tena PVC inayoungua hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayowasha macho na koo.

Mteja aliyezoea shanga za kauri za Kazuri, karakana ya Karen, Nairobi, iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975, hudhani hata hizi zimepakwa dawa ya vyungu. Dawa ile ni kioo kinachoyeyushwa kwenye tanuri la joto kali. Polima ingekuwa majivu kabla ya hapo. Anayelazimika kupaka, labda kwa sababu ushanga una unga wa dhahabu au michoro isiyovumilia msasa, achague vanishi ya poliurethani inayochanganywa na maji, ile ya sakafu za mbao. Shanga hufutwa kwanza kwa spiriti kuondoa mafuta ya vidole, huning'inizwa kwenye waya, kisha hupakwa matabaka membamba, kila moja likisubiri jingine likauke. Rezini nayo inafaa, ingawa nyingi huwa njano zikipigwa na jua.

Lisilosemwa vya kutosha ni lile bakuli la maji. Utope wake ni plastiki ya kusagwa, na kuumwaga kwenye mtaro ni kuupeleka baharini. Maji yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa, na utope uende kwenye taka ngumu. Vipande vilivyoharibika visichomwe uani pamoja na majani makavu, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi. Moshi wa PVC una sumu. Inakera pia kuona shanga bapa za polima kutoka viwanda vya nje zikinunuliwa kwa mafungu, zikivaliwa mara mbili na kutupwa uzi ukikatika, huku fundi wa mtaani anayezisugua moja moja akiambiwa ana bei ghali.

Kwa waliobakiwa na udongo baada ya mkufu: hereni, bangili, vifungo vya kanzu, vishikio vya droo, mapambo ya kalamu na ya funguo, fremu za picha. Sahani na vikombe vya kunywea, hapana.