Mtoto kaugua ghafla na oda za watu unazo? Anza na waliolipa

Leo naongea na wazazi wenzangu mnaouza mtandaoni bila msaidizi, hasa huku kwetu Mbulu na Hanang ambako mzigo unategemea basi.

Mimi nauza vitunguu swaumu na asali, nipo Mbulu mjini. Kuna usiku mwanangu alipandisha homa mpaka degedege, alfajiri tukawa njiani na rufaa ya kwenda Haydom. Nyumbani nimeacha oda nne zilizolipiwa. Njiani mtandao unakuja na kukata, wodini simu ikaisha chaji. Siku ya tatu nawasha simu, nimeshaitwa tapeli kwenye kundi la WhatsApp. Na mizigo yote ilikuwa imefungwa, ipo chini ya kitanda!

Tangu hapo oda naziandika kwenye daftari: jina, namba, mzigo, unakokwenda, kalipa au bado. Dharura ikitokea, kabla sijapanda gari wanaopata taarifa ni waliolipa tu. Wanaouliza bei watasubiri. Natuma SMS ya kawaida, maana inapita hata pale intaneti inapogoma. Imeshaandikwa kwenye simu: "Mtoto anaumwa, nipo safarini hospitali. Mzigo wako utatoka Alhamisi. Kama huwezi kusubiri niambie, nirudishe hela." Taja siku, usiseme "hivi karibuni".

Ule ujumbe wa kutokuwepo wa WhatsApp Business usiutegemee sana, simu isipokuwa na intaneti hauendi. Bora uunganishe simu ya mtu unayemwamini kwenye akaunti ya biashara. Mimi ni shemeji yangu. Anajibu wateja hata simu yangu ikiwa imezima, ila simu kuu isipotumika zaidi ya siku 14 anatolewa. Jueni pia anasoma meseji zote, kwa hiyo namba ya biashara itenge na ya familia. Namba ya siri ya pesa simpi mtu, hata shemeji. Nikiwa sipo hapokei oda mpya, anapeleka tu zilizolipiwa stendi na kuwatumia wateja picha ya risiti ya basi.

Begi langu lina kadi ya kliniki, kadi ya bima, pawabenki na nauli ambayo si ya mtaji.

Halafu msimu wa mvua acheni kuahidi "kesho unapata". Wa Hanang mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, matope ya mlimani yalivyoingia Katesh mpaka barabarani. Siku kama hiyo mzigo haupiti, na wewe mwenyewe huenda hupiti.

Wale wateja wanne? Wawili bado wananunua kwangu. Mmoja nilimrudishia hela yake yote. Wa nne amenibloku mpaka leo.